Chuo Kijirekebishe Kwanza: Walatino na Elimu ya Juu Marekani

Mhadhara uliotolewa Jumamosi alasiri, Texas, mbele ya wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, habari za alasiri. Nashukuru mmeacha shughuli za Jumamosi mkaja, na nashukuru zaidi kuona mmekuja na watoto.

Mada ilipotangazwa, mtu mmoja alinipigia simu. Ni mzee wangu kutoka Uvira. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa tuko Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya. Habari za Wamexico na vyuo vyao zinatuhusu nini?" Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kuanzia na mtu wetu wenyewe.

Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, mkoa wa Mara. Moscow, 1980, mita 5,000, nishani ya fedha. Wazee mliokuwa na redio mnaikumbuka siku ile. Wakati huo Nyambui alikuwa mwanafunzi, na chuo chake kilikuwa hapa Texas, mji wa El Paso: Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, UTEP. Wakenya nao walipita hapo, kina Wilson Waigwa na Michael Musyoki. Ukisimama kwenye vilima vya chuo kile unaiona Mexico kwa macho matupu: mto, daraja, kisha nyumba za Ciudad Juárez zikipanda mlima. Wakimbiaji wetu walisoma mpakani, pamoja na vijana ambao nyumbani kwao jikoni lilisemwa Kihispania.

Leo watoto wenu wanatoka sekondari za Houston, San Antonio na Dallas na kuingia vyuo vya jamii vya miji hiyo, yaani vyuo vya umma vya miaka 2. Angalieni wanakaa na nani darasani. Mtoto wa Uvira anakaa dawati moja na mtoto wa El Salvador, wanapanga foleni kwa mshauri yuleyule wa masomo, wanajaza fomu ileile ya msaada wa fedha. Chuo kikijua namna ya kumlea Mlatino ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo, mwanao amepona. Kikimtupa, mwanao anatupwa pamoja naye. Mzee wangu wa Uvira, ndiyo maana inatuhusu.

Nilikuwa mshauri wa masomo katika chuo cha jamii kwa miaka 11, kwa hiyo mengine nitakayosema nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyafanya kwa mkono wangu.

Tumalize suala la majina haraka. Watu wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika zinazosema Kihispania, serikali ya Marekani huwaita "Wahispaniki", jina lililoshika mizizi kwenye karatasi za serikali miaka ya 1970 na kuingia katika sensa ya 1980. Wengi wao hupenda Walatino, au hujiita kwa nchi ya asili: Mmexico, Mkuba, Mdominika, Msalvador. Wapuerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917. Miongoni mwao wapo weusi kama sisi. Na hapa Texas ziko familia ambazo mababu zao waliishi hapa kabla Texas haijawa ya Marekani. Wenyewe husema hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Mimi nitasema Walatino.

Hesabu. Sensa ya 2020 ilipata Walatino milioni 62.1, karibu mtu 1 kati ya 5 nchi nzima. Mwaka 2022, kwa makadirio ya ofisi ya sensa, wakawa kundi kubwa kuliko yote Texas, wakawapita Wazungu kidogo tu. Vyuoni pia wameongezeka kwa kasi: wanafunzi milioni 1.5 mwaka 2000, milioni 3.8 mwaka 2019. Mwaka 1980 walikuwa 4 katika kila wanafunzi 100. Mwaka 2020 walikuwa kama 20. Mtu akiishia hapo atasema kazi imekwisha.

Haijaisha. Mwaka 2021, kati ya Walatino wenye umri wa miaka 25 na zaidi, waliokuwa na shahada ya kwanza walikuwa asilimia 20.6. Wazungu walikuwa asilimia 41.9. Tuwe wakweli: sehemu ya pengo hilo ni watu waliofika nchi hii wakiwa watu wazima, wakaingia moja kwa moja kwenye ujenzi na mashamba, na si haki kukilaumu chuo kwa mtu ambaye hakikuwahi kumwona. Lakini ukiwaondoa hao, pengo bado lipo, na mimi nalijua lilivyo kwa sababu lilipita ofisini kwangu kila muhula likiwa na jina na picha ya kitambulisho. Tena walimu: mwaka 2020, kati ya wahadhiri wote wa muda kamili wa vyuo vya Marekani, Walatino walikuwa asilimia 6 hivi. Wanaoingia ni wengi, wanaotoka na shahada ni wachache, na wanaorudi kusimama mbele ya ubao ni wachache zaidi.

Kabla ya kuuliza tufanye nini, ni lazima tujue mlango huu uliwahi kufungwa vipi, maana kuna watu husema Walatino hawajali shule. Huo ni uongo, na historia inaushuhudia.

Mwaka 1944, huko Westminster, California, shangazi mmoja aliwachukua watoto wake na watoto wa kaka yake akaenda kuwaandikisha shule. Watoto wake walikuwa weupe na jina lao la ukoo lilisikika kama la Kifaransa, shule ikawapokea. Watoto wa kaka yake walikuwa weusi kidogo na jina lao lilikuwa Mendez. Wakaambiwa waende shule ya Wamexico. Shangazi akakataa shule kwa wote, akawarudisha nyumbani. Gonzalo Mendez alikuwa Mmexico, na mkewe Felicitas alitoka Puerto Rico. Walikuwa wamekodi shamba la familia ya Kijapani iliyokuwa imefungwa kambini wakati wa vita. Fedha ya shamba lile ndiyo waliyoingiza mahakamani. Mwaka 1945 Gonzalo na akina baba wengine wanne wakashtaki wilaya 4 za shule, kwa niaba ya watoto wapatao 5,000. Februari 1946 jaji akawapa haki, na Aprili 1947 mahakama ya rufaa ikathibitisha. Gavana wa California aliyetia saini sheria ya kufuta ubaguzi huo mwaka 1947 aliitwa Earl Warren. Ndiye aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Marekani na kuandika hukumu ya 1954 iliyovunja shule za ubaguzi nchi nzima. Binti wa akina Mendez, Sylvia, aliyekataliwa akiwa na miaka 8, alitunukiwa na Rais Obama Nishani ya Uhuru mwaka 2011.

Mkulima anauza mazao ili alipe wakili, mwanawe akae darasa moja na wengine. Huyo ndiye asiyejali shule?

Hapa Texas, sheria ya 1918 ilifanya kuwa kosa la jinai kwa mwalimu kufundisha kwa lugha isiyokuwa Kiingereza. Kwa miongo mingi baadaye watoto waliadhibiwa kwa kusema Kihispania uwanjani wakati wa mapumziko. Mliosoma Kenya mnaikumbuka diski, kile kibao alichovishwa mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani, akabaki nacho shingoni mpaka amnase mwenzake. Basi bibi na babu wa wanafunzi niliowashauri walivishwa diski ya Texas. Mtoto aliyekulia kwa bibi wa namna hiyo huja chuoni anajua jambo moja kwa hakika: ofisi ni mahali pa kuaibishwa. Hatakuja kuuliza. Atakaa kimya mpaka jina lake lifutwe.

Sasa niwaeleze tulivyowapoteza.

Alikuja binti wa miaka 19. Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Yeye alitaka kuwa muuguzi. Tulimpa mtihani wa kupima hesabu siku ileile aliyokuja kujiandikisha, akitoka zamu ya usiku kwenye ghala, bila kumwambia kwamba mtihani ule ungeamua miaka yake 2 ijayo. Akapungukiwa alama chache. Mfumo ukasema aanze kozi za kurekebisha, ngazi ya tatu kutoka juu. Maana yake mihula 3 ya hesabu isiyohesabiwa kwenye shahada, na kila muhula analipia. Fomu niliitia saini mimi. Muhula wa kwanza akafaulu, na wa pili akafaulu. Wa tatu hakurudi, na namba yake ya simu ilikuwa imekatwa.

Kwa miaka nilidhani ni yeye aliyeshindwa. Kisha siku moja nikakaa na karatasi nikapiga hesabu ya darasa la kawaida. Chukua wanafunzi 10. Kila ngazi wafaulu 7 kati ya 10, na hayo ni matokeo ambayo mwalimu yeyote angejivunia. Baada ya ngazi ya kwanza wamebaki 7. Baada ya ya pili, 5. Baada ya ya tatu, 3 na ushee. Na hapo sijawatoa waliofaulu halafu wakakosa nauli, au mtoto akaugua, au bosi akabadilisha zamu. Kumbe tuliwajengea ngazi iliyokatwa vipande, kisha tukashangaa hawafiki juu. Walatino, ambao karibu nusu yao huanzia vyuo vya jamii, waliangukia humo kwa wingi mno. Jina lenyewe linaniuma: kozi za kurekebisha. Tulimrekebisha nani? Alikuwa na akili zake timamu. Kilichoharibika kilikuwa chuo.

Mwaka 2017 California na Texas zikapitisha sheria, kila moja kwa namna yake, za kuvunja ngazi ile. Ya Texas inataka mwanafunzi aingie moja kwa moja kwenye kozi yenye krediti, yaani inayohesabiwa kwenye shahada, na msaada aupate sambamba, muhula huohuo: saa za ziada na mwalimu, mazoezi, mtu wa kumwelekeza. Wenzangu wengi walipinga, wakasema tunashusha viwango. Niliona kwa macho yangu vijana ambao zamani ningewapeleka ngazi ya tatu wakifaulu takwimu muhula wa kwanza. Si wote. Lakini waliofaulu walikuwa wengi kuliko tuliowahi kupata kwa njia ya zamani, na hakuna siku niliyofurahi na kuumia kwa pamoja kama siku nilipoyaona matokeo yale, kwa sababu nilimkumbuka yule binti.

Yapo mambo mengine ambayo hayakuhitaji sheria. Mwaka 1981, katika chuo cha jamii cha Chabot, Hayward, California, mwalimu wa Kiingereza Patricia McGrath na mshauri Felix Galaviz walichambua rekodi za wanafunzi Walatino zaidi ya 2,000. Wakaona mwenendo uleule: wanafunzi walimkwepa mshauri, walikwepa kozi ya uandishi ya ngazi ya chuo, na walikuwa wa kwanza kusoma chuo katika familia zao. Wakaanzisha mpango wakauita Puente, yaani daraja. Ni mambo matatu tu. Darasa moja la uandishi la mwaka mzima, wakisoma maandishi ya Walatino na kuandika habari za kwao. Mshauri anakaa ndani ya darasa lenyewe, hasubiri mtu abishe hodi. Na kila mwanafunzi anapewa mtu mzima wa mjini, mhasibu au mwalimu au wakili Mlatino, wa kuzungumza naye. Mpango ule umeenea vyuo vingi vya California na upo hadi leo. Angalieni alichofanya Galaviz: mwanafunzi anaogopa ofisi, basi ofisi ikahamia darasani.

Turudi El Paso, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 1986 UTEP ilianzisha mpango wa mama na binti, chini ya Josefina Tinajero. Waliwaita wasichana wa darasa la 6, miaka 11 au 12, pamoja na mama zao. Mama na binti wanatembea pamoja chuoni, wanaingia maabara, wanakaa kwenye viti vya ukumbi wa mihadhara, wanakutana na wanawake Walatino wenye taaluma zao. Kwa nini darasa la 6? Kwa sababu huo ndio umri ambao msichana huanza kuchagua hesabu au kuiacha bila mtu kujua. Na kwa nini mama? Hapa akina mama niliowaona mkitabasamu mnajua jibu. Binti hawezi kwenda mahali ambapo mama yake anapaogopa. Mama akishajua maktaba iko wapi, choo kiko wapi, walinzi wanalinda nini na basi la mwisho linaondoka saa ngapi, ruhusa imeshatolewa kabla haijaombwa. Baadhi ya mama hao walirudi chuoni kusoma wao wenyewe.

Nimesikia wataalamu wengi wakisema familia za Walatino zinawabana mabinti, haziwaachi waende mbali. Nadhani nanyi mmeshaambiwa maneno hayohayo kuhusu familia zenu. El Paso hawakupoteza muda kuikaripia familia. Waliialika.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1988, Diana Natalicio akawa mkuu wa chuo kile, na akakaa hadi 2019. Miaka 31. Hakuwa Mlatino kwa kuzaliwa. Alikuwa mtoto wa St. Louis, wa kwanza kwao kusoma chuo, na baada ya sekondari alifanya kazi ya kuunganisha simu kiwandani. Alijifunza Kihispania na Kireno, akachukua shahada ya uzamivu ya isimu. Wakati ule wakubwa wa elimu walikuwa na imani moja: chuo huchagua, ama kipokee watoto wa wenyeji maskini, ama kiwe chuo kikubwa cha utafiti. Yeye akakataa kuchagua. Alisema vipaji viko kila mahali ila nafasi haziko kila mahali, na akaazimia kwamba chuo kifanane na mji wake. Alipoingia kilikuwa na wanafunzi wapatao 15,000 na programu 1 tu ya uzamivu. Alipoondoka kilikuwa na wanafunzi 25,000 na programu 22 za uzamivu, na mwanzoni mwa 2019 kikawekwa daraja la juu kabisa la vyuo vya utafiti Marekani. Zaidi ya wanafunzi 8 kati ya 10 ni Walatino. Wamo wanaovuka daraja kila asubuhi kutoka Juárez. Sheria ya Texas inamruhusu raia wa Mexico mwenye uhitaji alipe ada ya mkazi.

Wapo waliomkosoa, na nisiwafiche. Idadi ya waliomaliza ndani ya miaka 6 ilikuwa ndogo. Natalicio alijibu kwamba hesabu ya serikali humtazama tu mwanafunzi aliyeanza hapo, kwa muda kamili, kutoka sekondari. Aliyehamia kutoka chuo cha jamii hahesabiwi hata akimaliza kwa daraja la kwanza, na wahitimu wake wengi walikuwa wa aina hiyo. Nakubaliana naye. Lakini pia wapo walioondoka mikono mitupu, wamebaki na deni tu, na mkuu wa chuo mwenye moyo mzuri halipi deni hilo.

Fedha, basi. Kwa mwanafunzi maskini fedha inayokatiza masomo mara nyingi ni ndogo. Nimeona kijana akizuiwa kujiandikisha kwa sababu ya dola 180 za faini na vitabu. Nimeona muhula mzima ukipotea kwa betri ya gari, kwa sababu bila gari huwezi kutoka kazini saa 11 jioni ukawa darasani saa 12. Vyuo vilivyotenga mfuko mdogo wa dharura, mwanafunzi akaomba leo akajibiwa kesho bila kuhojiwa kama mshukiwa, vimeokoa watu wengi. Ile fomu ya msaada wa fedha nayo, FAFSA, ndiyo lango la ruzuku ya Pell, fedha ya serikali kuu isiyorudishwa. Fomu mpya ilichelewa hadi mwisho wa Desemba 2023, na ilipotoka, wazazi wasiokuwa na namba ya hifadhi ya jamii wakakwama, ingawa watoto wao walikuwa raia waliozaliwa hapa. Familia nyingi za Walatino ziko hivyo.

Sasa sheria za kuingia. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ilizuia vyuo vya Texas kuangalia rangi au asili ya mwombaji. Mwaka uliofuata, mbunge Irma Rangel wa Kingsville, mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Mexico kuchaguliwa katika bunge la Texas, akapitisha sheria rahisi kuieleza: ukiwa katika asilimia 10 ya juu ya darasa lako la sekondari, chuo kikuu chochote cha umma Texas lazima kikupokee. Sekondari ya matajiri Dallas, sekondari ya mpakani Brownsville, ni sawasawa. Naiona ni sheria ya akili sana. Lakini ina uchungu ndani yake: inafanya kazi kwa sababu shule zetu bado zimetengana, watoto wa Walatino huku, wa Wazungu kule. Chuo Kikuu cha Texas cha Austin kiliruhusiwa mwaka 2009 kuiwekea kikomo, na mstari wake umeshuka hadi asilimia 6, na kwa wanaoingia 2026 asilimia 5. Wazazi, msiendelee kumwambia mtoto "kumi bora" kama mnataka Austin. Tangu Juni 2023, Mahakama ya Juu ilipozuia vyuo vyote nchini kuangalia asili katika udahili, njia kama ya Rangel ndizo zilizobaki.

Kuhusu walimu nina machache, maana dawa yake ni ya muda mrefu. Uzamivu huchukua miaka 5, 6, hata zaidi, kwa posho ndogo, na mtoto mkubwa wa familia ya Kilatino, kama wa kwetu, ana wadogo wanaomtazama kila mwisho wa mwezi. Hata hivyo mtu mmoja hubadilisha mengi. Tomás Rivera alizaliwa Crystal City hapa Texas mwaka 1935, mtoto wa vibarua waliofuata mavuno kila msimu. Mwaka 1979 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha California cha Riverside, Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Mexico kuongoza tawi lolote la chuo kikuu kile. Alifariki 1984, hajafikisha miaka 50. Maktaba ya pale ina jina lake. Kati ya watoto wa vibarua waliopata msaada wa mwaka wa kwanza kupitia CAMP, mpango wa serikali kuu ulioanza 1972, yupo atakayetaka kuwa kama yeye. Vyuo viwaajiri kwa kudumu, visiwape mikataba ya muhula mmoja mmoja huku vikiwapa kamati zote za kushughulikia wanafunzi.

Na sasa tulipo. Kuna neno mtalisikia, HSI. Ni chuo ambacho angalau robo ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni Walatino. Umoja wa vyuo hivyo, HACU, ulianzishwa San Antonio mwaka 1986, ukapigania sheria ya 1992 iliyovitambua na ile ya 1998 iliyovipa fungu lake. Leo viko takriban 600, na fedha ile imejenga maabara na vituo vya mafunzo ya ziada ambavyo mtoto yeyote hutumia. Mtoto wako Mrundi amefundishwa kemia humo, na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi.

Juni 2025 jimbo la Tennessee na kundi lililoshinda ile kesi ya 2023 walishtaki kupinga mpango huo. Septemba mwaka huohuo Wizara ya Elimu ya Marekani ikatangaza kusitisha ruzuku za dola milioni 350 hivi kwa vyuo vya aina hii na vinavyofanana navyo, ikisema kigezo chake ni cha rangi. Mimi sikubaliani. Fedha hupewa chuo, na chuo kinachopokea watoto wa mtaa wake hakijambagua mtu. Juni hiyohiyo ikafa sheria ya Texas ya 2001, ya kwanza nchini, iliyowaruhusu vijana wasio na karatasi waliokulia hapa kulipa ada ya mkazi: serikali kuu ilishtaki, jimbo likakubali siku ileile, na jaji akaifuta. Vijana waliokuwa wamebakiza muhula mmoja waliamka na ada iliyopanda mara kadhaa. Ofisi zilizokuwa zikiwasaidia nyingi zilikuwa zimeshafungwa kwa sheria ya jimbo iliyoanza Januari 2024.

Mtasema basi hakuna la kufanya. Liko, na sehemu kubwa haihitaji ruhusa ya Washington. Chuo kinaweza kuweka dirisha la msaada wa fedha wazi hadi saa 2 usiku, wazazi wakitoka kazini. Kinaweza kufuta kizuizi cha dola 180. Kinaweza kumtoa mshauri ofisini akakae darasani, na kuwaita akina mama wa darasa la 6 siku ya Jumapili na kuwapikia. Bodi nyingi za vyuo vya jamii Texas huchaguliwa kwa kura, na kura hizo hupigwa na watu wachache mno. Kule kwenye bodi ndiko haya yanakoamuliwa. Wenzetu Walatino wameanza kujaza viti vile. Wenye uraia hapa, nendeni mkakae nao.

Nimeleta mashine yangu na karatasi za FAFSA ziko pale mezani, karibu na chai. Mama wa kilemba cha kijani ameinua mkono tangu nilipotaja fomu hiyo, na binti yake anamvuta nguo ashushe. Mwache mama aulize. Karibu, mama, tuanze na wewe.